Uso wa Malaika Kijana

Plaun Suot, Uswisi

Kaka yangu Duri,

Theluji imefunga njia ya mlimani, ng'ombe wote wazima, na Baba bado anajaza shayiri kwenye supu mpaka kijiko kinasimama.

Majuzi nilileta kimashine cha eksirei kutoka maabara yetu, nikapima michoro ya ukutani kanisani kwetu, ile ya miaka elfu na mia mbili. Nyekundu ni udongo, nyeupe ni chokaa, kama tulivyotarajia. Ila uso wa malaika kijana una titani, madini ya rangi nyeupe iliyobuniwa karne iliyopita tu.

Nikamfuata Baba, maana funguo za kanisa anazo yeye.

"Baba, nani kaugusa ule uso?"

"Ulidondoka kwa unyevu, mwaka ule Duri alipoondoka. Sikukuu ilikuwa imekaribia. Ulitaka malaika asimame bila kichwa?"

"Mbona anafanana na Duri?"

"Kwani mimi mchoraji? Nimechora sura ninayoijua."

Ndiye huyo aliyeapa mbele yetu kwamba hataki kukuona tena. Tangu hapo jina lako hakuwahi kulitaja mpaka nilipomuuliza.

Nimewapelekea vipimo wakubwa wa mambo ya kale, nao wameamua uso huo ufutwe theluji ikiyeyuka. Nilidhani Baba atafoka. Akasema, "Waufute tu. Mwenyewe akija, ukuta wa nini?"

Hakuniambia nikuandikie. Lakini bahasha ameileta yeye, na stempu ameshaibandika.

Dada yako akupendaye,
Ladina