Vioo vya Pikipiki ya Kioko

Jumatano, 5 Machi

Ibada ya Majivu kanisani Masii. Watu wachache. Nilisoma somo la kwanza; sauti ikakauka katikati, nikanywa maji, nikaendelea. Nyumbani viazi vitamu bila chai. Mfungo.

Jioni mke wangu alinijia na ujumbe kutoka kwa mkaza mwana wetu, mama wa mjukuu wetu Mumo. Chama cha wafugaji kimekubali kumpa kazi ya kukusanya maziwa katika boma za upande huu na kuyafikisha Masii. Sharti ni awe na pikipiki. Anaomba ile ya marehemu mumewe.

Pikipiki ya Kioko imesimama ghalani tangu tulipomzika mwanangu. Imefunikwa gunia. 

Jumamosi, 8 Machi

Nimeliombea jambo hili tangu Jumatano. Hakuna jibu lililonijia.

Kuendesha anajua. Kioko alimfundisha katika shamba la chini baada ya mavuno. Nilikuwa nikiwasikia wakicheka, nami nikajifanya sisikii.

Kioko alikufa pale njia yetu inapoachana na lami. Alikuwa akitoka Masii, akakata kulia kuja nyumbani. Lori la mchanga lilikuwa nyuma yake, likimpita. Pikipiki haikuwa na vioo. Alikuwa amevitoa mwenyewe, kama waendesha bodaboda wenzake wa stejini, kwa sababu vioo hugonga magari penye msongamano, na kijana mwenye vioo huchekwa. Pikipiki yenyewe ilipinda kidogo tu. Taa moja ilivunjika. Jambo hilo mpaka leo naliona kama tusi.

Mama wa Mumo akikosa kazi, atarudi kwao Ndithini pamoja na mtoto. Akiipata, atakata kulia pale pale kila siku, na malori hayajapungua. Sitaki kuchimba kaburi jingine kando ya lile. Hilo ndilo ninaloliogopa, wala siwezi kulivika maneno mazuri.

Jumatatu, 10 Machi

Nimekubali. Nimetoa sharti langu pia: pikipiki haitatoka ghalani bila vioo viwili vya pembeni, na mimi ndiye nitakayevichagua.

Nilikwenda duka la spea, Masii. Muuzaji ni kijana mwenye maneno mengi, aliniita guka, yaani babu. Aliniwekea mezani vioo vidogo vya mviringo, vyenye rangi ya buluu.

“Hizi ndizo ziko soko, guka. Piki inakaa poa.”

Nilichukua kimoja, nikasimama mlangoni, nikaipa barabara mgongo na kutazama. Lori lililokuwa karibu kunipita lilionekana mbali, dogo kama mbuzi. Nilikirudisha. Nikajaribu cha pili, bapa. Hicho kilionyesha lori kwa ukubwa wake, lakini ukingo wa barabara haukuonekana. Cha tatu kilikuwa na shina fupi. Sikuona ndani yake isipokuwa kiwiko changu. Nilivijaribu vyote. Nilikaa muda mrefu.

“Kwani guka unatafuta ya piki ama ya kunyolea ndevu?”

Watu walicheka. Sikuona sababu ya kukasirika. Nilichagua vipana, vya pembe nne, vilivyobinuka kidogo tu, vyenye shina refu la chuma lisilotikisika.

“Hiyo ni design ya wazee. Imekaa hapo mpaka imeshika vumbi.”

Nikamwambia apanguse vumbi, anifungie.

Jumanne, 11 Machi

Fundi Wambua alikuja nyumbani. Cha kushoto kiliingia bila taabu. Cha kulia kilikataa. Kumbe katika pikipiki hii tundu la kulia lina skrubu inayozungushwa kinyume, na kioo tulichopewa huzungushwa kwa njia ya kawaida. Wambua alitaka kukilazimisha kwa bomba. Nilimzuia. Kioo cha kulia ndicho kitakachotazamwa wakati wa kukata kuja nyumbani. Hakitakuwa kitu cha kulazimishwa.

“Mzee, hii ni pikipiki tu. Si altare.”

Kesho nitarudi Masii kukibadilisha.

Alhamisi, 13 Machi

Vimefungwa.

Nilipanda pikipiki mimi mwenyewe ili kuvielekeza. Sikuwahi kukikalia kiti hicho. Mpira wa usukani umelika mahali kidole gumba cha Kioko kilipokuwa kikikaa.  Kisha nikatazama. Katika kioo cha kulia niliona lango, njia, ua wa mikatani, na nyuma ya ua msalaba wa kaburi. Kila kitu wazi. Nikamwamuru Wambua akaze kwa spana mpaka mkono mtupu usiweze kuvisogeza, asije mtu akavikunja kama wafanyavyo vijana wa stejini. Alikaza.

Mama wa Mumo alikaa jikoni muda wote. Ndivyo ipasavyo. Wengine wameiacha nthoni, heshima ile ya baba mkwe na mkaza mwana. Katika boma hili bado ipo. Hatupeani mikono. Hatukai benchi moja. Maneno yetu hupitia kwa mke wangu. Tangu alipoolewa hapa sijamtazama machoni, naye hajanitazama. Sijawahi kuona hasara katika hilo.

Ijumaa, 14 Machi

Njia ya Msalaba. Magoti yananiuma. Niliongoza vituo vyote.

Jumatatu, 17 Machi

Ameanza kazi. Alitoka alfajiri, mitungi ikigongana nyuma yake. Mumo alilia kidogo, akanyamaza.

Aliporudi nilikuwa kwenye ua, nikaona jambo lisilonipendeza. Alipofika njia panda alisimama kando ya lami, akazima injini, akashuka, akageuza mwili mzima kutazama nyuma, kisha akaivusha pikipiki kwa kuisukuma kama mkokoteni. Gari likampigia honi kali.

Nilimtuma mke wangu amuulize kwa nini havitumii vioo. Jibu lilirudi hivi: “Mwambie Baba vioo ni vizuri sana. Namshukuru.”

Alhamisi, 20 Machi

Bado anashuka na kusukuma. Mke wangu alikuwa dukani pale njia panda, akasikia vijana wakimfanyia mzaha, naye akiwajibu.

“Mama Maziwa! Unaendesha ama unachunga?”

“Nachunga. Na nyinyi mbuzi mtoke kwa barabara.”

Mke wangu alinisimulia huku akicheka. Sikumbuki mara ya mwisho aliyocheka. Mimi sikucheka. Nilijiuliza vile vioo ni vya nini, ikiwa aliyewekewa ana hofu hata ya kuviangalia.

Jumapili, 23 Machi

Padri hakufika, niliongoza ibada mimi. Nilipofika kwenye sala ya marehemu nilitaja majina yote isipokuwa la mwanangu. Sikuweza.

Usiku imenyesha. Mvua ya kwanza.

Jumatatu, 24 Machi

Nimesikia ile honi tena. Mahali pale pale.

Nilikuwa nikipanda kunde. Niliangusha jembe, nikakimbia. Sijakimbia kwa miaka mingi. Njiani sikuomba, sikufikiri. Nilimwona Kioko tu amelala vile alivyolala.

Mama wa Mumo alikuwa amesimama mtaroni, matope mpaka kiunoni. Mzima. Kiwiko kimechubuka. Mitungi ilifunguka na maziwa ya jioni, aliyoyakusanya boma za kando ya lami kabla ya kuja kumalizia zetu, yote yakamwagika, meupe juu ya udongo mwekundu, yakifuata mkondo wa mvua. Kando ya lami palikuwa na utelezi, hakuweza kushuka na kusukuma, akakata kulia akiwa juu ya pikipiki. Lori lilikuwa linampita. Dereva alikwepa. Huyu alikwepa.

Nilisimama mbali naye kama desturi itakavyo. Nikasema “pole” nikitazama chini. Akajibu “asante, Baba” akitazama chini. Vijana wa stejini ndio waliomwinulia pikipiki.

Nilirudi nyumbani nikiwa na hasira. Vioo vile nimevichagua kama mtu anayechagua mbegu. Vimo mbele ya macho yake. Kwa nini hakutazama?

Jumanne, 25 Machi

Sikukuu ya Kupashwa Habari Bikira Maria. Sikuenda kanisani.

Mke wangu alishinda na mama wa Mumo jikoni, akimkanda kiwiko kwa maji ya chumvi. Alimbana mpaka akasema. Mchana alikuja akasimama mbele yangu, akashika kiuno.

“Baba Kioko. Msichana anasema ndani ya vioo vyako anaona mawingu.”

Sikuelewa.

“Mawingu, na vichwa vya miti. Barabara haoni. Tangu siku ya kwanza.”

Nilikwenda ghalani, nikaitoa pikipiki uani. Nilikaa juu ya kiti, nikaona vema. Kisha nikajikunja, nikashusha kichwa mpaka kimo chake. Vichwa vya miti. Anga.

Mimi ni mrefu. Yeye hunifika kifuani. Nilivielekeza kwa macho yangu, kisha nikaamuru vikazwe visisogee. Naye angesema nini? Mkaza mwana amwambie baba mkwe kwamba kazi ya mikono yake ina kasoro? Akalegeze kwa spana nati alizoziamuru mzee zikazwe? Alinyamaza. Alishukuru. Kila jioni akashuka, akageuka, akasukuma, akachekwa, ili nisiaibike.

Nilimwita mwoga. Moyoni, lakini nilimwita.

Adabu yetu ilikaribia kumuua. Naandika neno hilo na silifuti.

Jumatano, 26 Machi

Wambua amekwenda Katangi kwenye mazishi, haijulikani atarudi lini. Kesho ni lazima mama wa Mumo atoke, la sivyo kazi itapewa mwingine. Mke wangu ana mtoto wa jicho. Haoni zaidi ya mlango. Nimebaki mimi.

Nilisali kwanza, kwa muda mrefu. Sikuomba ruhusa ya kuiacha nthoni. Niliomba nijue ilikusudiwa nini tangu mwanzo. Nadhani wazee waliiweka ili watu wa boma moja wasiumizane.

Nilichukua spana ya Kioko chini ya kiti, nikalegeza nati. Mama wa Mumo akapanda, akiwa amevaa suruali ya mumewe chini ya leso aliyojifunga. Nikampa mgongo alipokuwa akipanda. Kisha nikaenda kusimama nyuma, mbali, mahali lori lingekuwa. Mke wangu akasimama katikati yetu ili apeleke maneno.

“Muulize anaona nini.”

“Unaona nini?”

“Mwambie Baba naona paa la choo.”

“Anaona paa la choo.”

Sote tulikuwa tukisikiana vizuri. Nilisogea kwenye kioo, nikakishusha kidogo, nikarudi nyuma. Muulize tena. Anaona kofia ya Baba. Nikakishusha tena. Anaona nusu ya Baba. Tuliendelea hivyo mpaka mke wangu akachoka.

“Semezaneni nyinyi wenyewe! Mimi si simu.”

Akaenda zake kwa kuku.

 Mumo alikuwa kizingitini akila muwa. Hatimaye nilisema, kwa sauti iliyotoka kama ya mtu mwingine: “Sasa je?”

“Sasa nakuona, Baba. Mwili wote. Mpaka viatu.”

Nikainua macho kuhakikisha. Ndani ya kioo cha kulia kulikuwa na macho yake, yakinitazama sawasawa. Yamechoka. Yana wekundu wa mtu alalaye kwa machozi. Sikujua kwamba yanafanana na ya Mumo; wote husema mtoto alichukua macho ya Kioko, kumbe si kweli. Hatukuyaondoa mara moja. Kisha akashusha yake, nami nikashusha yangu.

Nikafanya cha kushoto vivyo hivyo. Nikakaza nati, si sana. Spana nikaiweka juu ya tangi, upande wake, nikamwambia ni yake, na vikisogea avirudishe mwenyewe bila kumuuliza mtu.

“Ndiyo, Baba.”

Usiku huu sina amani. Nilitarajia ningekuwa nayo. Nimefikiria tu kwamba mwanangu angeweza kuwa na vioo kama hivi.

Ijumaa, 28 Machi

Mawingu mazito, mvua kidogo. Kunde zimeanza kutokeza.

Alitoka alfajiri. Nilikuwa nimesimama langoni nyuma yake, nikimshikilia Mumo mkono. Hakugeuza kichwa. Alipokaribia njia panda aliinua mkono wake wa kushoto, akaushusha, akaendelea. Mumo aliniuliza mama amejuaje kwamba tuko hapa. Nilimwonyesha kwa kidole, lakini alikuwa amekwisha kuingia lami.

Njia ya Msalaba alasiri. Katika sala ya marehemu nilitaja jina la Kioko.

Jioni nilirudi langoni. Nilisikia pikipiki ikitokea upande wa Masii, kisha lori nyuma yake. Pikipiki ikapunguza mwendo. Lori likapita, mchanga ukimwagika kwenye lami, mngurumo wake ukaelekea Wamunyu. Nikahesabu pumzi zangu. Kisha injini ndogo ikabadilisha gia, ikakata kulia, ikaanza kupanda njia yetu.

Niliingia ndani kabla hajanikuta pale.