Kibuyu cha Pombe kwa Mjomba

Dada Veronika mpenzi,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya jiwe milimani Uluguru, miguu yangu imo kijitoni, na mume wangu Fidelisi ananimenyea pea. Sijui nilimtendea Mungu jema gani.

Jana tulipanda kwa miguu kutoka Kilakala, na katika kila nyumba ya ndugu zake tulionjeshwa pombe ya miwa. Ya kwanza ilikuwa tamu kama asali, ya pili ilinipalia. Nyumba niliyoiogopa ilikuwa ya mwisho, ya mjomba wake, ambaye hakuja arusini. Huku mjomba ndiye mwenye neno; asiponipokea yeye, sijapokewa.

Nilipewa kibuyu nimpelekee. Nikapiga magoti, nikampa kwa mikono miwili kama ulivyonifundisha. Hakukigusa.

“Binti,” akasema, “unataka kuniua hata jina lako sijalijua?”

Fidelisi akaninong'oneza kwamba anayeleta pombe huionja kwanza, ili ionekane haina sumu. Dada, kwa aibu nilikunywa mpaka nusu. Mjomba akacheka hadi machozi.

“Basi, mama, niachie na mimi. Kumbe hukuja kuniua, umekuja kunimalizia.”

Akanywa palepale nilipoweka mdomo. Asubuhi hii ametuonyesha kiwanja kando ya migomba yake, tujenge.

Wabusu watoto. Nawaombea nyote moyo mwepesi kama huu wangu.

Mdogo wako,
Anastazia