Pointi za Mpano

Baraka, Jumapili

Yaya Gisaro, mkubwa wangu,

Jambo hili sijamwambia mtu: kwenye kompyuta ya shule ninayoitunza, programu yangu inaweza kuandika ndani ya kumbukumbu ya programu ile inayojumlisha pointi za mitihani, ikazibadilisha bila kuacha dalili.

Mama hajambo, na mihogo imekauka vizuri. Ila mdogo wetu Mpano ameanguka hesabu, na Baba anamrudisha mlimani kuchunga ng'ombe.

"Yaya, we unajua mashine sana," Mpano alinitania. "Uniwekee tu hamusini!"

Hakujua kwamba ninaweza.

Jana nilibadilisha kiini cha mfumo, kisiruhusu tena programu kuandika kwenye kumbukumbu ya nyingine. Niliwasha mashine upya, nikajaribu, ikanikatalia. Kisha nilienda nyumbani, nikamsaidia Mpano kufunga mzigo.

Mdogo wako,
Uwamwiza