Yaya wa Mjukuu Wangu

Nyumbani, chumba cha cherehani
Jumapili, mvua imekatika sasa hivi

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo huko? Wifi na watoto hawajambo? Lile goti lako limetulia, au bado linakusumbua kwenye ngazi? Sisi tunaendelea vizuri, ila macho yangu na tundu la sindano hayapatani tena.

Binti yangu amejifungua mtoto wa kike, mzima, mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Hongera, umekuwa babu.

Sasa nisikilize. Mama mkwe wake amekuwa mwema ghafla, nami wema wa ghafla huninyima usingizi. Alikuja na nguo za mtoto, akampakata, akamkunja sikio na kuchungulia nyuma yake. “Naangalia rangi atakayokuja nayo,” akasema huku anacheka. Mimi sikucheka.

Tulipokwenda kliniki, muuguzi akaniambia, “Yaya, mpe mama mtoto wake.” Nikadhani amekosea tu. Lakini yule mama mkwe akajifanya anatafuta kitu mkobani, na binti yangu akawa anafunga vifungo vya mtoto vilivyokwisha kufungwa.

Nyumbani nikambana binti yangu. “Ulijua?”

“Mama mkwe ndiye aliyewaambia kuwa wewe ni yaya, mama. Mimi nilinyamaza tu.”

Alinyamaza tu! Mtoto niliyemzaa mwenyewe, kisa katoka na weupe wako, si huu weusi wangu.

Sasa linalokuhusu. Mama mkwe huyo anataka uje kwenye sherehe ya mtoto, ukae mbele kama mkubwa wa ukoo wetu. Mbona hakuwahi kukuulizia hata siku moja mpaka alipoiona picha yako? Mimi na wewe tumbo moja, baba mmoja. Hapa mtaani walikuita Mzungu. Huko, uliniambia mwenyewe, walinzi wa maduka wanakuandama kwa kuwa wewe ni mweusi. Ngozi ni ileile, ulipanda ndege tu. Nani kawapa watu hawa kazi ya kutupanga mafungu?

Jana binti alikuja, macho mekundu. Amemwambia mama mkwe, mbele ya mumewe, kwamba nisipokaa mbele hakuna sherehe, na mumewe akamuunga mkono. Nilifurahi, sikufichi. Ila najiuliza: amenitetea mimi, au ameona mtoto anaanza kukolea rangi akaogopa yatakayompata? Sikumuuliza. Nilimpakulia chakula, akala chote, akalala kitandani kwangu na mwanawe.

Ukija, usikubali gari lao. Nitakupokea uwanja wa ndege mimi mwenyewe, na wakikuuliza huyu mwanamke ni nani wako, jibu kwa sauti.

Shangazi anakusalimu sana, na shemeji yako fundi bomba anasema ulete zile spana. Nibusie watoto. Mungu akufunike kila uingiapo na utokapo.

Ni mimi nikupendaye tangu nilipokubeba mgongoni,
Dada yako