Koti la Mpira la Bwana Shamba

Ushirombo, 9 Februari 1976

Dada Euphrasia,

Shikamoo. Huku hatujambo, mvua ipo na ng'ombe wanashiba. Wewe na wagonjwa wako hapo Shinyanga mnaendeleaje? Mimi naumwa wivu, dada, sikufichi.

Tumeletewa bwana shamba mpya, Marselino, anafundisha kupulizia dawa ya pamba. Ana pikipiki na maneno matamu. Mke wangu Limi hakosi hata siku moja. Anabeba bomba la dawa mpaka gauni linaloa mgongoni, akirudi machozi yanamtoka, jasho linamtiririka, mikono inatetemeka, chakula hataki. Kama si mapenzi, ni nini? Juzi Marselino kampa koti lake mwenyewe la mpira, eti bomba linavuja. Nimemvua, nikalificha ghalani. Mke wangu havai nguo ya mwanamume mwingine!

Mdogo wako,
Makoye

Shinyanga, 16 Februari 1976

Mdogo wangu Makoye,

Marahaba. Mimi mzima, ila barua yako imenitia hofu.

Hayo si mapenzi, ni sumu. Ndani ya uti wa mgongo kuna chembe za fahamu zinazoamuru misuli. Amri ikishatoka, mwili huifuta. Dawa ya pamba inazuia kufuta, amri zinarundikana, ndipo mtu anatetemeka na kutokwa mate. Mwisho hata pumzi inagoma. Na sumu hiyo inapita kwenye ngozi. Mvue gauni, mwogeshe kwa sabuni, umpeleke hospitali leo hii kwa pikipiki ya Marselino. Koti mrudishie Marselino; alilitoa limkinge Limi.

Dada yako,
Euphrasia

Ushirombo, 21 Machi 1976

Dada,

Shikamoo. Nashukuru kwa barua yako. Limi yu hai.

Nilimwogesha. Pikipiki niliikataa, maana angemshika Marselino kiunoni. Nikafunga ng'ombe kwenye mkokoteni, tukafika hospitali amekwisha kuzirai. Walimchoma sindano akazinduka, tukarudi nyumbani nikichekelea. Wiki hii miguu imemwishia nguvu, hawezi kusimama. Daktari anasema sumu imekula mishipa mirefu itokayo mgongoni, na hajui kama itapona.

Jana Marselino alikuja kumjulia hali. Wivu ukanipanda vilevile, dada, nikamwambia atoke nje. Limi alikuwa amelala ameelekea ukutani. Akasema, "Mwache akae. Huyu alinipa koti."

Mdogo wako,
Makoye