Kompyuta Isiyozimwa

3 Februari

Mama,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Mimi mzima, na ninakula, usianze. Naandika kwa sababu kwenye simu tukigusa jambo hili tunaishia kulia sote wawili.

Laptopu yangu imekufa. Bawaba zimekatika, nilikuwa naifunga kwa mpira, wenzangu wanaiita Mahututi. Rahisi ghali, ulisema, nami nikabisha. Sisi tunaosomea kupima ardhi tunazunguka na mashine juani, vumbini, ikirukaruka kwenye begi. Mwalimu anasema nitafute ya chuma, yenye bawaba nzito, hata kama ni kuukuu. Nisipomaliza ramani zangu za mwisho, narudia mwaka.

Mama, iko moja. Ya kaka.

Ni mimi Kitinda wako

11 Februari

Mwanangu Kitinda,

Marahaba. Mgongo ni ule ule, pasi hazina huruma. Wateja nao wanataka mashati jana.

La. Nimemuuliza fundi wa kompyuta hapa jirani na kibanda chetu cha udobi. Anasema bonyeza kona ya kifuniko. Ikibonyea kama debe, iache. Ifungue kwa mkono mmoja. Kioo kikiyumba, iache. Tafuta isiyobonyea wala kuyumba, nitatuma hela.

Ya kaka yako haiendi popote. Pikipiki ilipomuua, kompyuta hiyo ilikuwa mgongoni mwake. Nikaletewa haina hata mkwaruzo, inawaka, imefunguka pale pale alipoachia kazi yake. Watu wakasema, lo, mashine imara hii! Imara kuliko mwanangu? Nilitaka kuiponda kwa pasi. Badala yake nikaichomeka chaji, na tangu hapo haijazimika. Umeme ukikatika naikimbiza kwa kinyozi mwenye jenereta. Feni yake huanza yenyewe, inapumua, nami nasema "Umerudi?" kabla sijajizuia. Ndiyo, mama yako amekuwa hivyo.

Mama yako

2 Machi

Mama,

Shikamoo. Sikucheki. Nilipokuja likizo nilikuwa nakunja nguo, ikaanza kupumua, nikaitika "Abee, kaka!" Nikatoka mbio na soksi moja. Sikukuambia.

Nimezunguka maduka yote. Zote zinabonyea. Nipe yake, mama. Sitaizima, nakuahidi.

Kitinda

20 Machi

Mwanangu,

Salamu nyingi. Nimeiweka kwenye basi la asubuhi, nimeizungushia shuka lake. Inawaka. Chaja iko pembeni. Ukiipokea tu, chomeka. Usiizime.

Mama yako

23 Machi

Mama,

Shikamoo. Sijui nianzie wapi. Nilipofungua shuka ilikuwa baridi, kioo cheusi. Nikaichomeka hapo hapo. Imewaka, nzima kabisa, lakini inataka neno la siri. Nimejaribu jina lako, langu, hata lile la paka. Wapi! Fundi wa chuo anasema ni lazima afute kila kitu ndipo niitumie. Nimemwambia asiiguse.

Nisamehe. Nijibu, hata kama ni kunitukana.

Kitinda

8 Aprili

Mama,

Shikamoo. Kimya chako kinaniogopesha, na simu hupokei. Uko salama? Ramani zinatakiwa mwisho wa mwezi, lakini sitamruhusu mtu afute chochote mpaka uniambie wewe.

Kitinda

15 Aprili

Mwanangu Kitinda,

Marahaba. Niko salama, ondoa hofu. Na hujavunja ahadi yoyote.

Fundi alishaniambia: betri ile imechoka, haimalizi hata kutwa bila umeme. Safari ni siku mbili. Nilijua, mwanangu, wakati naipandisha kwenye basi. Mara ngapi nilisimama mbele yake, kidole juu ya kitufe, kikakataa! Mkono wa mama haukubali. Ndipo nikaliachia basi liizime. Kisha wewe ndiye ukaifungua, ukaikuta baridi, ukaniomba msamaha. Barua zako nilizisoma nikaona haya, nikashindwa kushika kalamu.

Meza yake sasa ni tupu. Juzi nilikuwa napiga pasi nikasikia inapumua chumbani, wazi kabisa. Nikaenda kuangalia. Sitakudanganya kwamba nimezoea.

Mwambie fundi afute. Asikuulize mara mbili, na wewe usiniulize tena. Chora ramani zako. Ukimaliza kazi ya siku, uizime kwa kidole chako mwenyewe, uifunike, ulale.

Mama yako, na yake