Kamera Yenye Stara

Jumatatu, 5 Agosti 2024

Ummi anaolewa Jumamosi. Mjukuu wangu wa kwanza. Nassir, babake, amekuja kunywa chai asubuhi, akayazungusha maneno, mwisho akayatoa: wamemwita Mercy wa Mkongani, yule mwenye studio Ukunda, ndiye atakayepiga picha. Mimi nipumzike.

Nipumzike! Nani amemwambia nimechoka? Harusi zote za ukoo huu, kutoka Kinondo mpaka Msambweni, nimepiga mimi. Hata Nassir mwenyewe nilimpiga, akatoka na sura nzuri kuliko aliyokuwa nayo.

Anasema kamera yangu imezeeka. Kioo chake cha nyuma kimekufa, kweli, hakionyeshi kitu. Basi? Mpiga picha wa kweli haitazami picha aliyopiga. Anaijua.

Nimekataa. Nimesema kamera mbili zishindane, na Mwanaima awe hakimu. Ni mke wangu lakini hanipendelei, kila mtu analijua hilo.

Mkono umechoka. Mwalimu wa ngumbaru alisema niandike kila siku. Nimeandika.

Jumanne, 6 Agosti

Mercy amekuja. Shikamoo yake nzuri, siwezi kumsingizia. Kamera yake kubwa kama kichwa cha mbuzi. Akaeleza ati kamera hupimwa kwa mambo mawili. La kwanza, dainamiki renji — yaani ibebe jua kali na kivuli kizito kwa picha moja, isipoteze kimoja. La pili, ISO — namba unayoipandisha kukiwa na giza ili kamera ione. Ukiipandisha kwenye kamera mbovu, picha inajaa chenga kama tivii ya zamani. Aliposema "kamera mbovu" akaitupia jicho yangu.

Nikamwambia hayo yote nimeyajua kabla hajazaliwa. Majina yake tu ndiyo nilikuwa sina.

Adhuhuri tukafanya la kwanza. Nassir na kanzu nyeupe, juani, katikati ya ua. Mwanaima na buibui jeusi, barazani, kivulini. Picha moja, wote wawili. Kisha kila mtu akatoa kadi yake, zikatiwa kwenye kompyuta ya Mercy.

Ya Mercy: vifungo vya kanzu unavihesabu, na nakshi za buibui uzi kwa uzi. Yangu: Nassir mwanga mtupu, kama malaika aliyekuja kuchukua roho ya mtu. Mwanaima hayupo. Kuna uso, na viganja viwili vinaelea.

"Baba Nassir," akauliza, "mimi nimekwenda wapi?"

Nikamwambia buibui limefanya kazi yake. Si limeshonwa lifiche? Kamera yangu ina stara. Hiyo nyingine inapekua watu.

Wamecheka wote. Mercy alicheka ameinama, kwa adabu. Hiyo ndiyo imeniuma zaidi.

Jumatano, 7 Agosti

Sina la kuandika. Nimesafisha lenzi.

Alhamisi, 8 Agosti

Nimeshinda! Niandike polepole nisiharibu.

Kupamba, ile sherehe ya wanawake peke yao ya kumwonyesha bibi harusi, kutafanywa chumba kikubwa, mapazia yamefungwa, na flashi hawaitaki, ati inamfanya bibi harusi akodoe macho. Basi jaribio la pili likawa humo humo. Mwanaima akatangulia, akapiga hodi, akasema wanawake wajifunike, mzee anaingia. Wakajifunika. Ummi akakaa kitini. Mercy akapandisha ISO mpaka elfu kumi na mbili na ushei. Yangu mwisho wake ni elfu tatu na mia mbili — nikaifikisha mwisho, nikasema bismillahi.

Kwenye kompyuta, yangu ilikuwa chenga. Si nyingi. Ummi akauliza, "Babu, huyu ni mimi au ni sinia la mtama?" Mtoto hana adabu lakini nampenda.

Ya Mercy: Ummi safi, kope moja moja. Wanawake wakasogea wakisifu. Kisha wakainamia kona moja. Mwanaima ameweka kidole kwenye kona ya picha. Kule nyuma kabisa, ambako sote tuliona giza tu — Mbeyu, jirani yetu, mke wa Baya. Amejilaza mkekani, kichwa wazi, mdomo wazi, kanga imepanda magotini. Hodi hakuisikia. Alikuwa amelala.

Nikageukia ukuta, wallahi.

"Na kwenye yangu mtazameni," nikasema nikiwa nimegeuka vile vile. "Yuko wapi?"

Hayupo. Chenga tupu. Mbeyu wa watu amesitirika.

Mercy akajaribu kueleza kwamba ISO hushushwa, na pembe za picha hukatwa. Mwanaima akamwambia, "Mwanangu, hata simu tunazikusanya mlangoni kwa sababu hiyo. Wanawake wote watavua mabuibui humo. Mimi nitachunga pembe ngapi?" Mbeyu, aliyekwisha amka, akasema ikiingia kamera ile, yeye anatoka, na biriani wapike wenyewe.

Hukumu: inaingia yangu.

Kweli, mimi mwenyewe siingii. Mwanamume hawezi. Ataingia nayo Mercy, na mimi nitachukua yake niwapige wanaume msikitini. Lakini ushindi ni ushindi.

Ijumaa, 9 Agosti

Nimemfundisha Mercy kamera yangu. Kitufe kibonywe kwa nguvu, kisibembelezwe. Kioo asikitazame. Akauliza, sasa Mzee, nitajuaje kama picha imetoka? Nikamwambia atajua harusi ikiisha, kama tulivyokuwa tukijua sisi.

Alasiri nimechomoa kadi, nikaenda nayo Ukunda, nimechapisha ile picha ya jana ya Ummi. Kubwa. Nimeitundika barazani, Nassir aione kila akiingia.

Jumamosi, 10 Agosti

Nikaha imefungwa salama. Luqman, bwana harusi, kanzu nyeupe na joho jeusi, jua la saa sita. Nimempiga kwa kamera ya Mercy. Niseme hapa tu: kanzu imetoka, joho limetoka, na masharifa waliokaa kwenye upenu nao wametoka. Inaringa, kamera ile. Nimepiga nyingi kuliko nilivyokusudia.

Sasa niko nyuma ya nyumba, naandika nimeegemea ukuta. Ndani ngoma, vigelegele. Ummi anatolewa akae jukwaani. Mercy ameingia na kamera yangu kitambo.

Nimetia mkono mfukoni kutafuta leso. Kadi. Kadi yangu! Tangu Ukunda jana.

Kamera yangu hubonyeka hata bila kadi. Inalia vile vile. Na kioo hakisemi kitu.

Kamera ya Mercy iko shingoni mwangu. Dirisha hili pazia lake halikufika chini, kuna upenyo wa mkono. Giza hailiogopi — hilo tumeliona sote. Nimeinyanyua. Nimeishusha. Nimeifunika kwa kofia.

Nimebisha mlango wa uani. Mwanaima amefungua nusu, amependeza, ana haraka. Baba Nassir, wataka nini saa hii?

Nimemwambia naomba maji ya kunywa.

Amekwenda kuyaleta. Kadi iko kiganjani, imelowa jasho. Kamera yangu naisikia mpaka huku — ka-cha, ka-cha — na Mercy anamwambia Ummi acheke tena.